Kidude cha Rada Kwenye Gari ya Bi Tamima

Miaka yote aliyosomesha fizikia katika skuli ya wasichana hapa Ibra, Bi Tamima binti Hud hakuwahi kuonekana ana haraka. Alitembea taratibu, alisema taratibu, na alipokuwa akiendesha ile gari yake kuukuu ya petroli, vijana waliomfuata nyuma walijua kuwa hapo ni kuvuta subira. Kwa hivyo ujumbe wa kwanza wa polisi wa trafiki ulipoingia kwenye simu yake, kwamba kamera imeinasa gari yake ikipita mwendo uliowekwa, alidhani wamekosea mtu. Ulipokuja wa pili aliutazama kwa muda mrefu. Wa tatu ulipokuja hakuuliza tena. Alijua ni yeye.

Gari yenyewe sasa ilikuwa ya umeme. Mwanawe, Qais, mhandisi anayeishi Nizwa, alinunua kubwa zaidi watoto walipoongezeka, na hii akamletea mama yake. Mwanzoni Bi Tamima aliiogopa kwa kuwa haikuwa na sauti. Gari za petroli humwambia dereva mambo yake: injini huguna ikipanda mlima, hulalamika ikikimbizwa, na nyingi za huku Ghuba hugonga kengele ukipita kilomita mia na ishirini. Hii ilikwenda kimya kama inateleza. Ukikanyaga kidogo tu, ukigeuza macho unaona migunga inakimbilia nyuma.

Lakini gari peke yake isingemfanya Bi Tamima akimbie. Aliyemkimbiza alikuwa dada yake.

Da Aliya alimzidi kwa miaka sita. Familia yao ilipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, Tamima alikuwa mtoto mchanga, na aliyempakata njia nzima ni Aliya, naye mwenyewe bado mtoto. Walikaa Dar es Salaam, kisha wakaja Oman. Aliya akaolewa Sur, katika ukoo wa mabaharia na wafanyabiashara. Tamima akasoma, akawa mwalimu, akaolewa Ibra. Sasa wote wawili ni wajane. Kiswahili ndicho walichosemeana siku zote, na Kiswahili chote cha Tamima kilitoka kinywani mwa dada yake.

Mwaka jana Da Aliya alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakamkimbia. Baada ya wiki kadhaa yakaanza kurudi moja moja, ila yaliyorudi yalikuwa ya Kiswahili tu. Kiarabu, alichokisema Sur karibu umri wake wote, na mumewe, na majirani, na watoto aliowazaa, hakijulikani kilikwenda wapi. Binti yake Ibtihal, aliyekuwa akikaa naye, alifahamu Kiswahili cha jikoni: njoo, kula, funga mlango. Na Lamees, yule msichana wa hospitali aliyepewa kazi ya kumzoeza kusema, hakujua hata hicho.

Basi mara mbili kwa wiki, asubuhi, Bi Tamima alitoka Ibra kwenda Sur kuwa mkalimani wa dada yake. Aliya akisema "ma", Tamima humalizia "maji", na kumfasiria Lamees kwa Kiarabu. Aliya akinyoosha kidole, Tamima hueleza anachokitaka. Muda wa mazoezi ulikuwa mfupi na nyuma yao kulikuwa na wagonjwa wengine wakingoja zamu. Kila alipokwama njiani nyuma ya lori, Bi Tamima alijiona kama anamwibia dada yake maneno. Ndipo mguu ulipokuwa mzito kwenye pedeli.

Qais, ambaye ndiye aliyekuwa akimshughulikia mambo yake ya serikali kwenye simu, alimpigia siku moja alasiri.

"Mama, hizi nukta nyeusi zikizidi, leseni itasimamishwa. Mimi naona bora tutafute dereva."

"Dereva huyo atasema Kiswahili na dada yangu?"

"Hawezi. Lakini atakufikisha salama."

"Nshakusikia, mwanangu," alisema Bi Tamima. Katika nyumba yao maneno hayo hayakuwa na maana ya kukubali. Yalikuwa na maana kuwa mazungumzo yamekwisha.

Siku ile ile akaanza kutafuta kifaa cha kutambua rada.

Mambo ya mawimbi alikuwa ameyasomesha mara zisizo na idadi: wimbi linatoka, linapiga kitu kinachokwenda, linarudi limebadilika, na kwa kubadilika huko unajua mwendo wa kile kitu. Kwa hivyo kifaa kinachoyasikia mawimbi ya polisi kabla gari haijafika karibu kilikuwa jambo rahisi kwake kulifahamu. Aliyasoma maelezo ya vifaa hivyo kwenye kompyuta kama zamani alivyokuwa akitayarisha somo. Vilikuwepo vya kufichwa nyuma ya bampa, vyenye antena yake mbali; hivyo akaviacha, kwa sababu kufungua bampa kulihitaji gereji na gereji ina midomo. Vilikuwepo vya bei nafuu ambavyo, kwa maneno ya walionunua, hulia hata mbele ya milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe. Mwishowe akachagua kimoja kidogo, cha kubandikwa kwenye kioo cha mbele, ambacho kiliweza kuambiwa kipuuze baadhi ya mawimbi. Akakiagiza kutoka nje.

Hakuuliza kama kinaruhusiwa. Aliuliza kila kitu kingine.

Kilipofika, aliisogeza gari kivulini, kwenye ukuta wa ua, akafunga geti na kukaa kitini mwa dereva na bisibisi, tochi, na kipande cha plastiki cha kubandulia. Kazi ilikuwa na mitego yake. Kioo cha gari ile kilikuwa kimepakwa utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto la jua, na utando huo huzuia pia mawimbi ya rada. Ungekibandika kidude popote penye utando kingekuwa kiziwi. Bi Tamima alipapasa na kukagua mpaka akaona karibu na kioo cha kutazamia nyuma pana sehemu yenye vitone vyeusi, isiyopakwa. Akakibandika hapo.

Ukaja umeme. Waya nene za rangi ya chungwa, zile za betri kubwa, alijua haziguswi na mtu asiyesomea. Lakini gari ya umeme nayo ina betri yake ndogo kama gari nyingine zote, ya taa na redio, na kisanduku cha fyuzi kilikuwa chini ya usukani. Alitafuta fyuzi inayopata moto gari ikiwashwa tu, ili kidude kisiimalize betri ndogo wakati gari imelala. Waya akaupitisha juu, ndani ya kitambaa cha paa, na kwenye nguzo ya pembeni mwa kioo akaupitisha nyuma ya mfuko wa hewa, ili siku ya ajali usizuie kitu. Alipomaliza, hapakuonekana waya hata mmoja. Alibonyeza, kikawaka taa ya kijani. Alikaa pale kwa muda akikitazama, moyo wake mwepesi, kama alivyokuwa akifurahi jaribio la darasani linapokubali.

Safari ya kwanza kilimtia wazimu. Kililia kabla hajatoka Ibra. Kililia kwa kila gari mpya iliyompita, maana gari za siku hizi zina rada zao ndogo za kumwambia dereva nani yuko ubavuni. Kililia kwa ajili ya gari yake mwenyewe. Aliposimama Bidiya, pembeni pa barabara, akakipangia upya: wimbi lile kikaambiwa kilipuuze, sauti ikapunguzwa. Safari ya pili kilitulia, na mara mbili kikamtahadharisha kweli, kamera ikatokea mbele baada ya muda mdogo. Alipunguza mwendo, akapita kwa adabu, kisha akakanyaga tena. Alifika Sur mapema. Lamees alikuwa bado hajafungua chumba.

Wiki zile zilikwenda hivyo. Da Aliya alikuwa na maneno kama kumi na tano, mengine nusu, na Tamima alikuwa akiyamalizia yote.

Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu. Ukungu ule hupanda kutoka baharini na kuingia ndani ya nchi mpaka Al Kamil na kupita, na jua likitoka huwa mweupe, macho yanakosa pa kushika. Bi Tamima aliipita Bidiya, akaipita njia inayokata kwenda Wadi Bani Khalid. Kidude kilikuwa kimya tangu alipotoka nyumbani. Ukimya wake aliuchukua kuwa ni ruhusa. Alikuwa amechelewa kidogo na aliuacha mguu pale pale.

Baada ya Al Kamil kidude kikalia. Macho yake yakapanda kwenye kitaa chekundu na yale maandishi madogo chini yake, ajue kama ni kweli au ni uongo wake wa kawaida. Aliyasoma. Aliposhusha macho, mbele yake barabarani palikuwa na ngamia jike na mtoto wake.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari ikaguna, ikapepesuka kidogo, mkoba ukaruka kitini ukapiga dashibodi. Ikasimama. Yule ngamia alikuwa karibu kiasi cha Bi Tamima kuona unyevu wa ukungu kwenye kope zake. Alimtazama, akageuza shingo, akaendelea na safari yake kama anayevuka ua wake mwenyewe, na mtoto akamfuata kwa miguu yake mirefu isiyopatana.

Bi Tamima alisogea pembeni, akawasha taa za tahadhari. Hapakuwa na kamera pale wala polisi. Baadaye alisimulia kwamba aliwaza jambo moja tu: kidude kile kilimweleza kila kitu kuhusu polisi, na hakikumweleza lolote kuhusu barabara. Akanyoosha mkono, akachomoa waya nyuma yake. Kitaa kikazima. Njia iliyobaki aliikwenda nyuma ya gari ya maji, pole pole, na hakujaribu kuipita.

Alipofika hospitali muda wa mazoezi ulikuwa umekwenda nusu. Lamees alimkuta kwenye korido, akamshika mkono kabla hajafungua mlango. Walizungumza Kiarabu, kama siku zote.

"Samahani, mwanangu, njiani kulikuwa na—"

"Abla, ngoja kwanza," alisema Lamees, kwa lile jina ambalo wasichana wote wa Oman humwitia mwalimu wao. "Kuna jambo kasema. Nimekuwa nikilirudia kichwani nisilisahau. Nisikilize: *yuwabi Tamima, mbona kashelewa.*"

Bi Tamima aliegemea ukuta.

"Maana yake nini?" aliuliza Lamees.

"Kauliza, yu wapi Tamima, mbona kachelewa."

"Kwa hivyo ni swali."

"Ni swali."

"Hajapata kuuliza swali tangu nimjue," alisema Lamees. "Alikuwa akitazama mlango. Nikamwonyesha picha, hakuzitaka. Alihangaika nalo, akalianza, likamponyoka, akalianza tena. Mwishowe likatoka lote."

Waliingia. Da Aliya alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shela yake imeteleza begani, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo Tamima alikuwa hajaiona tangu kabla ya ugonjwa, hasira ya dada mkubwa.

"Uli," alisema. "Uli... kuwa."

Kinywa cha Tamima kikafunguka chenyewe kumalizia. Lamees akamgusa mkono. Akakifunga. Akasubiri, na kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko barabara yote ya Ibra mpaka Sur. Jasho lilimtoka dada yake juu ya midomo.

"Wapi," alisema Aliya. "Ulikuwa wapi."

"Kulikuwa na ngamia barabarani, Dada. Nusura nimgonge."

"Nga... mia," alisema Aliya, na upande wa kushoto wa uso wake ukacheka.

Mazoezi yalipokwisha, Lamees alimwambia ukweli, kwa upole, akitengeneza picha zake mezani ili asimtazame usoni. Alisema kila mara Bi Aliya anapolifikia neno, mdogo wake huwa kashalifikia. Anaona hana haja ya kulimaliza. "Unamsaidia, Abla, kupita anavyohitaji."

Bi Tamima aliumia. Nchi nzima anaivuka kwa ajili ya dada yake, na sasa anaambiwa ndiye kizuizi. Alitoka nje, akakaa garini bila kuiwasha. Lakini alikuwa mwalimu. Kila mwaka darasani mwake alikuwa na msichana mmoja mwepesi anayejibu kabla wenzake hawajafungua midomo, na kila mwaka alikuwa akimwambia: binti, tulia, mwache na mwenzako afikiri. Akamkumbuka mmoja baada ya mmoja. Aliporudi ndani kumuaga dada yake, alimwambia Lamees kuwa kuanzia safari ijayo atakaa nje nusu ya kwanza, na kama wanamhitaji watamwita.

Ijumaa yake alikwenda Nizwa kwa Qais. Baada ya chakula cha mchana, watoto walipokwenda kulala, alimwita uani, akamfungulia mlango wa gari na kumwonyesha kile kidude.

Qais alikitazama, akamtazama mama yake. Kiswahili chake ni cha vijana wa huku, ngeli zinamteleza, lakini na mama yake hasemi lugha nyingine.

"Mama, hii kitu ni mamnuu. Marufuku. Wakikuona nayo si nukta tu."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza."

"Nani alikufungia?"

"Mie."

Qais aliingia kitini mwa dereva, akabandua kifuniko cha plastiki cha nguzo, akaufuata waya kwa kidole kutoka juu mpaka kwenye fyuzi. Alichukua muda.

"Umepitisha nyuma ya mfuko wa hewa," alisema.

"Ulitaka niupitishe mbele?"

Alicheka bila kutaka. Kisha mama yake akamweleza habari ya ngamia, yote, bila kujipunguzia, na kicheko kikaondoka. Bi Tamima alikuwa kishajitayarisha. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na alijua mwanawe atauomba. Akauweka juu ya dashibodi, mahali ambapo angeweza kuuchukua bila kumnyang'anya.

Qais hakuuchukua. Aliwasha ile skrini kubwa ya katikati na kuanza kufungua kurasa zake, moja ndani ya nyingine, mpaka akafika ukurasa ambao Bi Tamima hakuwahi kuuona.

"Iko kengele," alisema kwa sauti ndogo. "Kengele ya mwendo. Unaiwekea namba unayotaka, ukipita inalia."

"Na mbona haikupata kulia?"

"Mimi niliizima. Wiki ya kwanza nilipoinunua. Ilikuwa inaniudhi." Aliinamisha kichwa. "Nikakupa gari, nikasahau kukwambia."

Kisha Qais akauliza aiweke namba ngapi, na Bi Tamima akamwambia, na alimtajia namba ndogo kuliko aliyoitegemea mwanawe. Suala la dereva halikutajwa tena mchana ule. Walipatana tu kwamba atoke Ibra mapema zaidi, siku ya ukungu asubiri jua, na akifika apige simu.

Kidude walikitoa pamoja. Qais alidhani mama yake atataka kumuuzia mtu, lakini yeye alikataa. Hakutaka mtu mwingine akutane na ngamia wake. Hata hivyo hakukitupa hivi hivi. Alikiweka juu ya meza ya jikoni, akakifungua kwa bisibisi, akamwonyesha Qais ile pembe ndogo ya chuma inayoyapokea mawimbi, na namna yanavyogeuzwa kuwa sauti, na akaeleza vizuri hata mke wa Qais akaja kusimama kusikiliza. Ndipo vipande vyote vikaingia pipani.

Miezi iliyofuata Bi Tamima aliendelea na safari zake. Kule hospitali alikaa kwenye benchi la korido na kikombe cha chai, akisikia kupitia mlangoni sauti ya dada yake ikianguka na kuinuka, na mara nyingine alilazimika kuukamata ukingo wa benchi asiingie. Alipoitwa, alikuta kuna neno jipya linamngoja. Lamees naye alianza kujua Kiswahili bila kukusudia. Alisema "bolebole" na "hebu tena" kama mtu wa Unguja aliyekulia Sur. Na Ibtihal, ambaye mwanzoni alikuwa akitoka chumbani mama yake mdogo anapoanza kuzungumza na mama yake, siku moja alibaki.

"Khala," alimwambia, akisitasita, "mimi nataka wewe nifundishe. Si maneno ya jikoni. Maneno ya kuzungumza."

Wakaanza. Walisoma jioni, siku Bi Tamima alipolala Sur, Aliya akiwa katikati yao. Ibtihal akikosea ngeli, Aliya alipiga ulimi na kutikisa kichwa, na ikawa anasahihisha. Mara kwa mara neno la kumsahihishia bintiye lilimtoka zima kabisa, jepesi, kama ambalo halikupata kuugua.

Majira ya tende yalipokaribia kwisha, daktari aliruhusu Da Aliya asafiri. Alitaka kwenda Ibra kukaa wiki kwa mdogo wake. Lamees alimpa kazi ya njiani: asome kwa sauti kila anachokiona, vibao, namba, majina ya miji, na asisaidiwe.

Walitoka Sur asubuhi jua limeshapanda. Aliya alikaa mbele, mkono wa kulia juu ya mto mdogo, macho mbele. Gari ile isiyo na sauti ilimfaa. Alisikika hata aliponong'ona. Alisoma vibao. Alisoma namba kubwa ya mwendo kwenye skrini.

"Mia na... tano," alisema. "Mia na saba. Mia na kumi. Tamima."

"Naam, Dada."

"Mbio."

Tamima akapunguza. "Sasa je?"

"Mia," alisema Aliya, akatulia. Walipofika mahali penye kazi za barabara, alikisoma kibao kwa muda mrefu, midomo ikijaribu. Tamima alikuwa anakiona kile kibao na alikaa kimya, akapunguza mwendo bila kusema kwa nini. "Si... sitini," alisema Aliya mwisho, gari ikiwa imeshakipita. Alifurahi kama aliyeshinda kitu.

Bidiya walisimama kuchaji. Pana mkahawa mdogo karibu na mahali pa chaji, wenye viti vya plastiki nje na kivuli cha turubai, na gari za jangwani zilizoshushwa upepo wa matairi zimejipanga zikingoja wageni wa kwenda mchangani. Kijana wa mkahawa aliwaletea chai ya maziwa. Aliya aliionja, akakunja uso. Tamima aliona anatafuta neno, akajishughulisha na mkoba wake ili asimtazame.

"*Shakar*," alisema Aliya.

Kijana alimwelewa mara moja, akaenda kuleta sukari. Hakuona kitu cha ajabu. Mwanamke kaomba sukari kwa Kiarabu. Tamima ndiye aliyeacha mkoba. Alimgeukia dada yake, na Aliya alikuwa amekaa ametulia, amejiinamia, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni na hana hakika.

"Dada, umesema nini?"

"Shakar," alisema tena, pole pole sasa, akilisikiliza. Kisha akasema, "*Zid.* Zidisha. *Zid shakar.*"

Tamima alichukua simu, akampigia Ibtihal. Ilipoita hakuiweka sikioni mwake. Aliiweka mezani, sauti imefunguliwa, akaisogeza mbele ya dada yake.

"Khala?" ilisema sauti ya Ibtihal. "Mmefika?"

Aliya alivuta pumzi. Ilichukua muda, na kule upande wa pili Ibtihal, aliyekwisha kujifunza, alisubiri.

"*Kef... kef halish, binti*," alisema Aliya.

Palisikika mlango ukifungwa, na kelele za watoto wa skuli anayosomesha zikawa mbali. Kisha Ibtihal akasema, kwa Kiswahili, kila neno mahali pake:

"Sijambo, Mama. Wewe hujambo?"

Mashine ya chaji ilionyesha kuwa betri imejaa. Bi Tamima hakuinuka. Alimwomba kijana chai nyingine mbili, akasogeza kiti chake kivulini, akawaacha wazungumze.